Uji wa Kiganjani

Nimelea watoto sita kwa mkono huu wa kushoto. Sisemi kwa kujigamba. Haya basi, najigamba kidogo, niacheni. Wote sita walilala juu ya mapaja yangu, wote sita walikunywa uji kutoka kwenye kiganja hiki, na hakuna hata mmoja aliyelala njaa eti kwa sababu amekataa kula. Kwetu magharibi hakukuwa na kitu kama hicho. Mtoto mchanga akatae chakula, yeye nani? Alikichuma wapi hata akikatae?

Ilikuwa hivi. Unaketi mkekani, unanyoosha miguu, unamlaza mtoto chali mapajani, kichwa kimeinama nyuma kidogo. Mkono wake mmoja unaubana kwapani mwako, ule mwingine unaushika pamoja na nguo. Kiganja chako cha kushoto unakikunja kama kikombe chini ya mdomo wake, na mkono wa kulia unamimina uji. Akifungua mdomo ili alie, uji unaingia. Akifunga, unambana pua kwa kidole gumba, na pumzi ikimwishia atafungua mwenyewe. Muda si muda bakuli ni tupu, mtoto anabeua, unampangusa mdomo na kiganja hicho hicho, kwisha. Mama yangu alininywesha hivyo, na yeye alinyweshwa hivyo. Hakuna aliyetuambia ni vibaya, na kama angetuambia tungemcheka.

Nilikuja Voi nikiwa bibi arusi wa fundi wa reli. Reli ikamstaafisha, kisha Mungu akamchukua, na mimi nikabaki na joto la hapa na vumbi lake jekundu, kwa sababu nyumbani kwetu sasa ningemjua nani? Watoto wakatawanyika. Akabaki kitinda mimba wangu, binti, anayefanya kibarua kwenye shamba la mkonge, upande wa kuanika nyuzi. Mume wake ni dereva wa lori la masafa, leo yuko bandarini, kesho yuko mpakani. Basi binti yangu alipojifungua mvulana, alijifungua mikononi mwangu, tuseme hivyo. Nikamwita yule mtoto bwana wangu, kama tunavyowaita wajukuu wetu wa kiume, na nikamwambia kila aliyekuja kumwona kwamba nimeolewa tena.

Miezi sita ya kwanza binti yangu hakumpa kitu ila titi. Tuligombana sana juu ya hilo. Joto la Voi, jamani, na mtoto hapewi hata tone la maji! Lakini alishika msimamo, na mtoto akanenepa mpaka mikono ikawa na vifundo vifundo, nikanyamaza. Kisha ikabidi arudi shambani. Alikuwa akimnyonyesha alfajiri kabla lori la shamba halijawapitia barabarani, na alasiri akirudi, blauzi imeloa maziwa kifua kizima. Katikati hapo tulibaki mimi na bwana wangu.

"Mama, ale kwa kijiko," binti aliniambia siku ile ya kwanza, kamba za viatu bado hajafunga. "Uji uwe mzito. Na umpondee mboga. Ndivyo walivyosema kliniki."

"Nenda kazini," nikamwambia. "Mimi si yaya wa jana."

Nilijaribu kijiko, msinione mbaya. Siku nne nzima nilijaribu. Yule mtoto alikuwa akikichezea. Anashika uji, anaupaka kwenye nywele, anaupulizia gauni langu, prrr, halafu anacheka na fizi zake. Saa nzima imekwisha na amemeza vijiko viwili. Mimi ni mtu wa mkono mwepesi, sina subira, hata marehemu alikuwa akinilalamikia. Nina nguo za kufua, nina kuni za kupasua, na huyu bwana anapiga mapovu ya uji. Siku ya tano niliweka kijiko chini, nikanawa mkono wa kushoto.

Alikunywa bakuli zima. Nilifurahi sana siku hiyo, nikaimba.

Binti aliporudi akauliza, "Amekula?"

"Bakuli zima," nikasema. Sikusema vipi. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku hiyo, kama nilijua ni sawa, mbona sikusema vipi?

Na huo uji nilikuwa nimeupika kwa bidii, asiniambie mtu. Wimbi, mtama, soya, njugu, na omena, dagaa wa kwetu, niliowatafuta soko zima mpaka nikawapata wasio na mchanga, nikavichanganya vyote nikapeleka kusagwa pamoja. Nikaupika mwepesi, uteleze. Uji mzito haupiti kiganjani, unakwama. Hilo kila mwanamke wa kwetu analijua.

Tulipoenda kliniki mwezi uliofuata, mstari wa uzito kwenye kitabu chake ulikuwa umepanda kidogo tu. Mwezi wa pili wake mstari ulilala kabisa. Nesi alimwangalia binti yangu, akauliza, "Mama, mtoto anakula nini?" Binti yangu akanigeukia mimi.

"Anakula!" nikasema. "Bakuli tatu kwa siku, na haachi kitu!"

Kwa hivyo nikaenda nyumbani nikafanya bakuli nne. Mngefanya nini nyinyi? Mtoto anakonda, unamwongeza. Nikawa namlaza mapajani asubuhi, saa nne, adhuhuri, na saa tisa kabla mama yake hajaja. Tumbo linajaa, linakuwa gumu kama ngoma, na mapaja yanazidi kulegea. Vile vifundo vya mikono vikapotea. Nilikuwa nikimvalisha naona ngozi imebaki kubwa kuliko mtoto. Ninamwaga chakula kwenye shimo lisilojaa, ndivyo nilivyohisi. Nilimlaumu mama yake kwa kazi, nikalaumu jua, nikalaumu jicho la watu.

Kisha akaanza kulia akiona bakuli. Baadaye akawa analia akisikia mfuniko wa sufuria. Mwishowe alikuwa analia akiniona nikinawa mikono. Kunawa tu, jamani! Nikitaka kunawa baada ya kuokota makaa ilibidi niende nyuma ya nyumba.

Upande wa pili wa seng'enge anaishi jirani yangu, Mtaita, umri wetu mmoja, mwenye sauti ya upole inayoniudhi. Siku moja alisimama pale na ungo wake wa kunde, akaniuliza, "Mwenzangu, huyo mtoto mbona kila saa nne analia kama anachinjwa?"

"Angalia sufuria yako isiungue," nikamjibu. Hatukusalimiana wiki mbili. Nina mdomo, Mungu anisamehe.

Baada ya hapo akaja mhudumu wa afya wa mtaa wetu, msichana mdogo mwenye mkoba mgongoni, anapita nyumba kwa nyumba. Alimzungushia mtoto ule utepe wa kupimia mkono, wenye rangi tatu. Mshale ukasimama kwenye njano. Akaniambia taratibu kwamba kijani ni salama, njano ni hatari inayokuja, na nyekundu ni kulazwa wodini. Atarudi baada ya wiki mbili kupima tena. Halafu akaomba kuona uji.

Nilimletea sufuria kwa fahari. Akachota kijiko, akakiinamisha. Uji ukamwagika wote kama chai.

"Mama, haya ni maji," akasema. "Tumbo lake ni dogo, linatoshana na ngumi yake. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi? Uji ukae kwenye kijiko, usimwagike hivi."

"Sasa ukiwa mzito utapitaje..." nikaanza, nikanyamaza.

"Utapitaje wapi, mama?"

"Kooni," nikasema.

Aliniangalia. "Unamlisha na nini?"

"Kijiko."

Nilimdanganya mtoto wa watu, mimi mzee wa kanisa, nimevaa leso yenye maneno ya kumshukuru Mungu. Akaniandikia kwenye karatasi kitu cha kufanya. Nipike ndengu au kunde, nizimenye maganda nizisage laini. Malenge, mchicha, yai lililoiva sawasawa, parachichi zinazoshuka kutoka milimani. Nitie kijiko cha mafuta au njugu zilizosagwa. Nimwache ashike chakula, hata akimwaga. Nizungumze naye akila. "Zungumza naye, mama. Kula ni kujifunza." Mimi nizungumze na mtoto wa miezi kumi na moja, habari za kunde!

Lakini ile njano ilinishika. Nilikuwa nikifunga macho kusali naiona. Kesho yake nikapika kunde, nikaponda, nikatia njugu, nikaketi na kijiko. Nikazungumza, nikajiona mjinga, nikazungumza tu. Nikasema, "Bwana wangu, onja basi, kunde hizi tamu." Akaangalia mkono wangu. Si kijiko alichoangalia, ni mkono. Akafunga mdomo ndi, akageukia ukuta.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Nilijaribu malenge, nikajaribu yai, nikajaribu kukifanya kijiko ndege, nikaimba. Ukuta. Nilikuwa napiga magoti mbele ya mtoto mwenye meno manne nikimbembeleza, machozi yananitoka, nasema, "Fungua tu, baba, fungua kidogo." Kijiko hataki. Kiganja hakitaki chakula kizito. Ule mwepesi ni maji. Nilizunguka hapo kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Wiki ya kwanza kati ya zile mbili ilikuwa inakaribia kwisha.

Siku ya nne niliutia uji mzito kiganjani.

Sikutaka kusimulia sehemu hii. Nilimlaza, nikambana, nikaujaza mdomo, na alipofunga nikamshika pua. Akavuta pumzi kwa nguvu. Kisha kimya. Alikuwa amezoea kulia, mimi nimezoea kilio, na kile kimya kilinitisha kuliko kitu chochote nimewahi kusikia. Macho yamemtoka. Midomo inageuka rangi. Nikamwinua, nikamtikisa, nikampiga mgongo sijui wapi na wapi, hakuna. Nikapiga yowe.

Jirani yangu aliruka ile seng'enge. Mwanamke wa umri ule! Leso yake ilibaki kwenye waya. Alininyang'anya mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga katikati ya mabega, mara moja, mbili, tatu, sijui ngapi. Donge la uji likatoka. Halafu mtoto akalia.

Nikaketi chini, pale pale kwenye vumbi. Jirani alimfuta mtoto pua na mdomo, akamweka begani akamtuliza. Ndipo akauangalia mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa umejaa uji mpaka kwenye kifundo. Aliuangalia, akaelewa kila kitu, zile saa nne zote. Nilingoja aniseme. Ningependa aniseme. Akasema tu, "Twende naye akapimwe kifua," na tukaenda naye, na wakasema kifua kiko sawa.

Binti yangu aliporudi kutoka mkongeni, jirani alikuwa bado yuko kwetu. Akamwambia, "Alipaliwa kidogo, lakini tumempeleka, yuko sawa." Alinifunika. Ningeweza kukaa chini ya kifuniko hicho hadi leo. Lakini niliona binti anamkumbatia mtoto wake na ile blauzi iliyoloa, nikashindwa.

"Nimemnywesha kwa kiganja," nikasema. "Si leo tu. Tangu mwanzo."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kitandani, akatoa titi, mtoto akanyonya huku anashikwa na kwikwi. Akasema bila kuniangalia, "Mimi nakikumbuka hicho kiganja."

"Utakikumbukaje? Ulikuwa mdogo."

"Nilikuwa na miaka mitatu, Mama. Nilikuwa naumwa malaria, ukaninywesha hivyo. Kilikuwa kinanuka vitunguu. Nilidhani nakufa." Akamhamishia mtoto titi la pili. "Nilidhani uliacha. Ndiyo maana nilikuachia."

Nilikificha kiganja ndani ya leso.

Tangu hapo mtoto anakula kwa jirani. Si kwamba tulikaa tukapanga. Siku iliyofuata jirani alikuwa na kimanga, chakula chao cha Kitaita, muhogo na maharagwe na malenge yamepondwa pamoja mpaka yanashikana. Akampondea mtoto zaidi kwa maziwa, akamweka kwenye mkeka, akamwachia sahani mbele yake. Mtoto akatia mikono yote miwili. Jirani hakumshika. Alikuwa anachambua kunde zake, anazungumza naye kwa Kidawida, lugha yao, mara moja moja anampa kijiko kama mtu anayempa jirani chumvi, akitaka asitake. Na yule bwana akafungua mdomo. Mimi nikiwa kwenye seng'enge nikaona. Nilishusha pumzi, na ile sauti tu ya pumzi yangu ikamfanya ageuke. Aliponiona, akafunga mdomo.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Asubuhi napika. Naponda ndengu, naponda yai ndani ya viazi, natia mchicha niliokatakata laini, naonja chumvi nisitie. Navusha bakuli juu ya waya. Navusha mtoto. Kisha naondoka, naenda kukaa nyuma ya jiko kwenye ndoo iliyopinduliwa, mahali asiponiona, nasikiliza. Nasikia kijiko kikigonga bakuli. Nasikia jirani akicheka. Nikisikia kimya kirefu nasimama, halafu nakaa tena, kwa sababu nikijitokeza nitaharibu. Mikono naiweka mapajani. Sijawahi maishani kuwa na mikono isiyo na kazi, na sikujua inakuwa mizito hivyo. Nimelea sita, na wa saba hawezi kumeza nikimwangalia.

Msichana wa mkoba alipokuja, mshale ulikuwa bado njano, lakini umesogea. Alipokuja tena baada ya mwezi, ulikuwa umeingia kijani, kidogo tu, ukingoni. "Hongera, mama, umejitahidi!" akaniambia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ulikuwa huu wa kushoto, kwa sababu wa kulia nilikuwa nimembebea mtoto. Nikasema asante. Ningesema nini?

Msidhani mtoto ananichukia. Hapana. Analala mgongoni kwangu. Nikitoka anataka tutoke wote. Ananivuta masikio, anacheka nikijifanya nalia. Lakini chakula, hata ndizi, hata kipande cha mkate, mkononi mwangu hakipokei. Nimejaribu kumdondoshea karibu kama napita tu. Anakiangalia, anauangalia mkono, anakiacha.

Jumapili iliyopita tulitoka kanisani, tukaketi nje kwenye kivuli cha nyumba, mimi, binti yangu na jirani. Mtoto sasa ana mwaka na miezi miwili, anatembea kama mlevi. Alikuwa na sahani yake ya kimanga chini, na siku hiyo alikuwa amegundua mchezo wa kutulisha. Anachota kwa vidole, anamletea jirani, "aam," jirani anakula. Anarudi, anachota, anamletea mama yake, "aam." Wanapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa mbali kidogo kama desturi yangu, nimegeuza uso, ili ale.

Kisha nikasikia miguu yake inanijia. Nikageuka, na alikuwa amesimama mbele yangu na donge la kimanga mkononi. Mimi! Hajawahi. Nilitaka kumwita jirani aone, lakini niliogopa kusema neno. Nikafungua mdomo. Akalitia. Mikono yake ilinuka maziwa na malenge, na mimi machozi yalishaanza kunilenga.

Lakini hakuondoka. Alipanda mapajani kwangu kwa magoti, akanisogelea uso kwa uso. Akaweka kiganja chake chini ya mdomo wangu, akakibana kwenye midomo. Kwa mkono mwingine akanitafuta pua, akakosa, akapapasa shavu, akaipata, akaibana.

Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye kazini, amekunja kipaji, anangoja. Ulikuwa uso wangu. Jirani aliacha kupiga makofi. Binti yangu akasema, "Wacha, baba, wacha nyanya."

Sikumwondoa mkono. Nilikaa hivyo mpaka pumzi ikaniishia, nikameza. Alipoona nimemeza akaachia, akanipangusa mdomo kwa kile kiganja, akashuka, akarudi kwenye sahani kunichotea jingine. Nikamngoja mdomo wazi.